Mbinu Mpya za Kufundisha: Zilivyopita Ngara na Biharamulo



Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kuniomba makala ya historia, alinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote mradi lihusu elimu katika wilaya zetu mbili. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya boma la Wajerumani pale Biharamulo. Lakini mwezi ule ule nilihudhuria semina ya siku tatu juu ya kile kinachoitwa ufundishaji shirikishi. Mwezeshaji, kijana mwenye elimu yake nzuri, alituonyesha watoto waliokaa katika vikundi, herufi zilizokatwa kwenye maboksi, mwanafunzi akimfundisha mwenzake, na mbegu na vijiti vikitumika kuhesabia. Akatuambia kwamba haya ndiyo mambo mapya. Nilicheka peke yangu, hata jirani yangu akadhani nimepata ujumbe wa kuchekesha kwenye simu.

Sikucheka kwa dharau. Nilicheka kwa sababu mambo yote yale nilikwisha kuyaona. Niliyaona mwaka 1990, nikiwa darasa la kwanza, kwa mwalimu ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la sekondari. Niliyaona tena mwaka 1994 chini ya turubai. Kwa hiyo boma la Wajerumani litangoja, nalo limezoea kungoja.

Yafaa tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, na katika mkoa huo Bukoba ndiyo iliyokuwa mbele kwa kahawa, kwa misheni na kwa shule. Ngara na Biharamulo tulikuwa nyuma, mbali na ziwa au mbali na barabara, na wengine mbali na vyote viwili. Wazazi wetu walisoma, kama walisoma, katika shule za misheni zilizofika darasa la nne, ambako kujifunza kulikuwa kukariri. Mwalimu anasema, darasa linaitikia. Aliyeitikia vizuri aliendelea, na asiyeweza alirudi kuchunga.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tunalikumbuka kwa jembe tu, kwa kuwa viranja walitutoa bwenini alfajiri kwenda shamba la shule kwa jina lake. Lakini ukilisoma leo bila hasira za shamba, utaona kwamba sehemu kubwa ya hoja yake ni juu ya akili: mtoto awe na moyo wa kudadisi, ajifunze kwa wengine, ajiamini. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Kwa mtoto wa Kihangaza au wa Kishubi hiyo ilikuwa bado lugha ya pili, lakini aliisikia sokoni na redioni, naye angeweza kuuliza swali kwayo.

Baada ya hapo mawazo mapya yalifuatana kwa kasi. Katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria, pamoja na huu wetu, UNESCO na Serikali waliendesha tangu mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa migomba alifundishwa kusoma kwa kitabu cha migomba, na mkulima wa pamba kwa kitabu cha pamba. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Marehemu baba yangu alikuwa katika kikundi kimoja. Alisema kwamba hapo ndipo alipoulizwa kwa mara ya kwanza, na mtu aliyeshika kitabu, yeye mwenyewe anafikiri nini. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha asilimia 67. Mtihani wa Agosti 1975 ulionyesha wamebaki asilimia 39. Kwa upande wa watoto ulikuwapo mpango wa MTUU, yaani Mpango wa Tanzania, UNESCO na UNICEF, uliotaka shule ya msingi iwe kitovu cha kijiji na mafunzo yatoke katika maisha ya hapo hapo. Jaribio lililojulikana zaidi lilikuwa la Kwamsisi, mkoani Tanga.

Ndipo likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974. Watoto wote waingie shule ifikapo mwaka 1977. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa milioni 1.2 hivi mwaka 1974, na kufika mwaka 1980 walizidi milioni 3. Walimu wangetoka wapi? Serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza huko huko vijijini. Kijana alifundisha madarasa ya chini asubuhi, mchana naye akawa mwanafunzi chini ya mwalimu mzoefu, akasoma kwa posta na kwa redio, na mwishoni akaenda chuoni kwa muda mfupi kabla ya kupewa cheti cha Daraja la Tatu C. Mpango wenyewe uliitwa kwa kifupi UPE, na sisi watoto wajuvi tukaufasiri: Ualimu Pasipo Elimu.

Hapa naomba radhi kwa mtu mmoja. Sitamtaja jina, lakini wale tuliotoka kata moja mtamfahamu. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alikuwa wa UPE. Alikuwa na viatu vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi na baiskeli isiyo na breki. Darasani tulikuwa zaidi ya 80, tukikaa chini, na vitabu vya kusoma vilikuwa vinne. Alivikata vile vitabu! Alikata kurasa moja moja, akazibandika kwenye vipande vya maboksi ya sabuni, akatugawa katika makundi, na kila kundi likapata ukurasa wake. Ukimaliza unabadilishana na kundi jingine. Wale waliojua kusoma mapema, nami nilikuwa mmoja wao, aliwatawanya kila kundi mmoja, na akatuambia kwamba hatatuuliza sisi bali atawauliza wale tuliokaa nao. Kama hawakujua, aibu ilikuwa yetu.

Mkaguzi mmoja alikuja siku moja, akaona vitabu vya Serikali vimekatwa vipande vipande, akauliza andalio la somo liko wapi. Halikuwapo, au lilikuwapo lakini si kwa mpangilio uliotakiwa. Mwalimu alikaripiwa mbele yetu, akasimama kama mtoto aliyeiba mayai. Tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti. Jioni nilimweleza mama kwa furaha jinsi Mwalimu alivyogombezwa, naye akaacha kumenya ndizi, akaniuliza: "Na wewe nani alikufundisha kusoma barua ya mjomba wako?" Hakusema zaidi.

Nimetumikia Serikali miaka mingi sasa, nimepitia mafaili ya mipango mingi, na ninajua kwamba UPE ilikuwa na kasoro kubwa. Wapo walimu waliofundisha hesabu wasizozijua, na mtoto mmoja kati ya wengi ndiye aliyeipata nafasi ya sekondari. Siwezi kuwaficha hayo. Lakini wazo kwamba mwalimu ajifunze kazi akiwa ndani ya kazi, katika shule yake, pamoja na wenzake, ndilo leo linarudi kwa jina la MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Linarudi na vishikwambi. Wale wa kwanza walikuwa na redio ya betri.

Sasa nije mwaka 1994. Tarehe 28 Aprili mpaka wa Rusumo ulifunguka, na katika muda wa saa 24 hivi Wanyarwanda wapatao 250,000 wakavuka daraja kuingia Ngara. Mtu ambaye hakuwapo hawezi kuambiwa akaelewa. Walikaa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, na kisha zikazaliwa kambi za Lumasi, Musuhura, Lukole na nyinginezo. Miti iliisha. Ndizi zilipanda bei, kisha zikaibwa, kisha zikapanda bei tena. Mimi nilikuwa darasa la tano, na siku za Jumamosi nilikwenda na mama kuuza ndizi kambini, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Huko ndiko nilikoona shule iliyotoka ndani ya sanduku. Baadaye nilisoma asili yake. UNESCO waliitunga kwanza kwa ajili ya Somalia iliyokuwa imevunjika, na baada ya mauaji ya Rwanda ikaandaliwa kwa Kinyarwanda na kutumiwa kwa msaada wa UNICEF na UNHCR. Sanduku moja lilikusudiwa watoto 80, wakisoma kwa zamu mbili za watoto 40. Ndani yake mlikuwa na vibao vya kuandikia, chaki, penseli, madaftari, rejista, kitabu cha kumwongoza mwalimu, vitambaa vyenye herufi na tarakimu vya kutundika mahali popote, na vipande vidogo vya herufi vya kupanga maneno. Mwalimu alipewa mafunzo ya siku chache tu. Mambo yaliyofundishwa yalikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa madarasa ya chini, na pamoja nayo jinsi ya kujikinga na kipindupindu. Ilikuwa shule ya miezi michache, ya kushikilia watoto mpaka shule kamili iweze kuanzishwa.

Kwa kuwa Kihangaza ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, sikuhitaji mkalimani. Niliweka mkungu wangu chini nikasimama nyuma ya turubai. Mwalimu, mwanamke mwembamba, alitundika kitambaa chake kwenye kamba kati ya miti miwili. Watoto walikuwa katika makundi, kila kundi na vipande vya herufi. Hakuwaambia jibu. Aliwauliza wapange jina la kitu walichokiacha nyumbani. Kundi moja lilipanga neno inka, ng'ombe. Jingine lilipanga jina la mtu, na mtoto mmoja akaanza kulia, na somo likasimama. Mwalimu alikaa chini naye. Hakuna aliyefokewa kwa kupoteza kipindi.

Jumatatu nilimsimulia Mwalimu wetu wa UPE, ambaye wakati huo alikuwa bado akifundisha darasa la kwanza. Nilidhani atanipuuza. Alinihoji kama polisi: vibao vina ukubwa gani, watoto wangapi kwa kundi, mwalimu anasimama wapi. Jumamosi iliyofuata alipanda baiskeli yake isiyo na breki akaenda mwenyewe. Aliporudi, aliomba mabaki ya mbao kwa fundi seremala, akayapaka rangi nyeusi ya makaa ya betri kuukuu yaliyopondwa na majani ya viazi, na kabla ya mwezi kwisha darasa la kwanza lilikuwa na vibao 60. Hakuna mfadhili aliyempa hata msumari.

Nisieleweke vibaya. Si kila kitu cha kambini kilikuwa cha kusifiwa. Wenyeji tulinung'unika, na tulikuwa na haki, kwamba mtoto mgeni amepewa penseli mpya na wa kwetu anaandika mchangani. Baadaye mashirika yalijenga madarasa kwa wenyeji pia, lakini kwanza tulinung'unika. Na liko jambo zito kuliko hilo. Kati ya watu wale walikuwamo waliofanya mauaji, na hakuna aliyeweza kujua kwa kumtazama mwalimu anayewapanga watoto vizuri katika makundi kama mikono yake ilikuwa safi. Sanduku halikuwa na somo la historia. Huko Rwanda kwenyewe, baada ya mwaka 1994, ufundishaji wa historia shuleni ulisimamishwa. Nimelifikiri sana jambo hili katika semina zetu, tunaposifu mbinu kana kwamba mbinu ndiyo mwalimu. Vikundi na zana nzuri vinaweza kupitisha lolote atakalo mwenye kuvishika.

Kisha ikaisha. Mwanzoni mwa Desemba 1996 ikatangazwa kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Walirudi barabara nzima, siku nyingi, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Nilikwenda na kaka yangu kutazama mahali palipokuwa na ile shule. Palikuwa na vigingi tu na vipande vya chaki vilivyolowa. Warundi walibaki Lukole kwa miaka mingi zaidi, wakiwa na shule zao, hadi kambi ile ilipofungwa mwaka 2008. Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, imedumu hadi leo na sasa ni ya wenyeji kama ilivyokuwa ya wageni.

Wiki chache baada ya hapo, mapema mwaka 1997, niliingia kidato cha kwanza katika shule yetu. Mnajua tulivyosoma. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili. Alipokosekana mwalimu, kiranja alinakili ubaoni kutoka daftari la mwaka uliopita, nasi tukanakili alichonakili, makosa yakiwa humo humo. Kemia tulifanya mtihani mbadala wa vitendo, yaani tulieleza kwa ufasaha rangi ya miminiko ambayo hatukuwahi kuiona. Nasema hivi kwa mapenzi, maana walimu wetu walikuwa wachache nao walijitahidi. Lakini ilinishangaza kwamba nilivyopanda juu katika elimu ndivyo njia ya kufundisha ilivyorudi kule kwa baba zetu.

Jaribio la tatu lilianza tukiwa kidato cha tatu, na wengi wetu hatukuliona. Mwaka 1999 Serikali na UNICEF walianzisha mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, ndio MEMKWA, kwa majaribio katika wilaya chache nchini, na Ngara ikawa mojawapo. Ulikuwa kwa watoto waliokosa shule: kundi la kwanza la miaka 8 hadi 13, la pili la miaka 14 hadi 18. Mtaala ulifupishwa uwe wa miaka mitatu. Darasa lilikuwa dogo, saa za masomo zilipangwa na wanakijiji wenyewe kufuatana na kazi za watoto, na mwalimu wa kawaida alisaidiana na mtu wa hapo kijijini. Hawakuvaa sare.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, aliingia huko mwaka 2000 akiwa na miaka 12. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe za watu. Nilirudi likizo nikamkuta anamfundisha bibi yake kuandika jina, kwa mkaa, kwenye mlango. Nilipomwuliza kwa nini anaipenda shule ile, alisema: "Mjomba, pale ukikosea hupigwi, unaulizwa umefikaje hapo." Aliingia darasa la tano katika shule ya kawaida mwaka 2003, na kwa kauli yake mwenyewe huko alijifunza tena kunyamaza.

Tangu mwaka 2002, Serikali ilipokwisha kufuta ada ya shule za msingi na kuanza mpango wa MMEM, MEMKWA ikaenezwa nchi nzima, Biharamulo ikiwamo. Kwa Biharamulo haja ilikuwa kubwa, kwa sababu ya uvuvi kule Chato, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo, na uchimbaji wa dhahabu kwingineko. Lakini kadiri mpango ulivyopanuka, wale wasaidizi wa vijijini walicheleweshewa posho, wengine wakaacha. Watoto wakubwa walikwisha kuingizwa katika shule za kawaida, na madarasa yale yakapungua kimya kimya. Darasa la wanafunzi 30 wanaoulizwa walivyofika kwenye kosa liligeuka kuwa darasa la 100 wanaoitikia.

Yaliyofuata mnayajua, wengi wenu ni wazazi. Mtaala wa mwaka 2005 ulihimiza umahiri badala ya kukariri. Shule za kata zikaota kila mahali, na vijana wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya mwezi mmoja kwenda kufundisha, nao wakaitwa vodafasta, kama vile wale wa kwanza walivyoitwa Pasipo Elimu. Sera iliyohuishwa mwaka 2023 nayo imeleta mitaala mipya na mkazo wa amali. Sina ugomvi nayo. Ninachouliza, kila ninapopewa rasimu ya mpango kuisoma kazini, ni kitu kimoja tu: fedha zikiisha, yule mwalimu wa darasa la kwanza atabaki na nini mkononi?

Mwalimu wetu alistaafu akiwa bado na cheti cha Daraja la Tatu C. Alifariki miaka michache iliyopita. Nilifika msibani nimechelewa, basi lilikwama Nyakanazi, nikakuta wamekwisha kuzika. Mjane wake alinipokea. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Alikuwa akikutaja." Akanionyesha sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na madaftari 11 yaliyoandikwa kwa wino wa buluu tangu mwaka 1977: kila somo alilofundisha, watoto gani hawakuelewa, na alijaribu nini siku ya pili. Yale maandalio ambayo mkaguzi aliyakosa yalikuwa humo yote, ila hayakuwa kwenye fomu. Katika daftari la mwaka 1990 nililikuta jina langu. Ameandika kwamba mtoto huyu anasoma vizuri lakini anawacheka wenzake, apewe kundi gumu zaidi.

Mama ameniruhusu kuyapeleka madaftari hayo yapigwe picha, kisha nimrudishie. Kamati ya mkutano wetu inafikiria kutumia sehemu ya michango yetu kujenga geti jipya la shule. Geti ni zuri. Mimi naomba kiasi kidogo kitengwe kwa kazi nyingine. Walimu wa UPE walio hai katika wilaya zetu ni wazee sasa, na wale waliofundisha Lukole au katika madarasa ya MEMKWA wametawanyika. Mwenye daftari, kibao, kitambaa cha herufi, au cheti cha mafunzo ya redio, hata kama kimeliwa na mchwa pembeni, aje nacho siku ya mkutano. Nitakuwa na meza karibu na mlango wa bwalo, upande ule wa jikoni, tangu saa tatu asubuhi.